Picha za Nitarudi Zinaonekana Wapi?

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, ukuta mrefu wa ghala lililofungwa, na birika la Shangazi, muuza kahawa wetu. Mwenye benchi ni mimi, fundi viatu, ingawa ukiwasikiliza hawa wenzangu utadhani nimepanga kwao. Kulia hukaa Wakili, fundi cherehani ambaye hajaingia mahakamani hata kama shahidi, jina kapewa kwa ajili ya ubishi wake. Kushoto hukaa Injinia, kibarua mstaafu, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe ndiye aliyechomelea miguu yote minne ya mnara wa tangi la maji, ule pale, ukiinua kichwa tu unauona. Asubuhi hiyo redio ya Shangazi ilitangaza kwamba mpiga picha mmoja mzee, aliyewahi kuishi mtaani kwetu miaka mingi akipiga picha za watu wakiwa kazini, ameshinda tuzo kubwa ya dunia, na kwamba anayetaka kuziona kazi zake na kujifunza habari zake aende... Hapo ndipo tulipoanza kupiga kelele, na mahali penyewe hatukupasikia.

Wakili: Nitarudi! Si ndiye Nitarudi huyo? Jamani, yule mtu nimekula naye sahani moja!

Mimi: Sahani ipi? Wakati ule ulikuwa hujaanza hata kunyoa ndevu.

Wakili: Ndevu na sahani vinahusiana nini? Hilo ni pingamizi la awali, linatupwa.

Injinia: Tulieni. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kamera. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikamwambia, kijana, shusha pumzi kwanza, ndipo ubonyeze.

Shangazi: Injinia, yule alikuzidi umri kwa miaka kumi.

Injinia: Kijana wa moyo, Shangazi. Mimi naongelea moyo.

Tulimwita Nitarudi kwa sababu ndilo neno lake. Anakuja karakana, anakaa siku tatu bila kutoa kamera, anakunywa maji yenu, anauliza chuma hiki kazi yake nini. Siku ya nne anapiga picha moja, anasema nitarudi, anaondoka. Mimi nilimpenda sana yule mtu, nasema wazi, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kuniuliza sindano ya kushonea ngozi inanolewaje.

Basi tukiwa katikati ya makelele hayo, kila mmoja akijipachika undugu na mshindi, akatokea mwanamke mmoja wa miaka kama ishirini na tisa, begi begani, kiatu kimoja kinapiga makofi. Akakivua akanipa. Mimi mtu namsoma miguuni kwanza. Kilikuwa kiatu kizito cha kazi, na ngozi ya juu imejaa matundu madogo yaliyoungua, mengine bado yana ukingo mweusi.

Mimi: Binti, wewe unachomelea vyuma.

Mgeni: Mwaka wa saba sasa, fundi. Umejuaje?

Mimi: Kiatu kimekusema. Kaa hapo, gundi ikauke. Shangazi, mpe kahawa.

Mgeni: Asante. Samahani wazee wangu, nimesikia mnamtaja yule mpiga picha. Picha zake zinaonekana wapi?

Tulikuwa tumemaliza birika zima tukimgombea yule mtu, na hakuna aliyekuwa amejiuliza hilo. Lakini kijiwe chetu hakijawahi kusema hatujui.

Wakili: Ziko jumba la makumbusho, nchi za baridi. Picha ni kama nyama, binti yangu. Ukiiacha kwenye joto inaharibika. Nimekisoma kifungu chake.

Mimi: Kifungu cha nini?

Wakili: Cha baridi.

Mimi: Acha zako. Ziko benki, kwenye chumba cha chuma chini ya ardhi. Mlango wa kwanza unafunguliwa na meneja, wa pili na mke wa meneja, na wale wawili siku hizi hawaongei.

Hilo nalikiri nililitunga palepale, nikajisikia vizuri kabisa.

Injinia: Nyinyi mmebaki nyuma. Zimepelekwa angani. Kuna chombo kinazunguka dunia, zimepakiwa humo zote, hata vita vikitokea zisiguswe.

Mgeni: Sasa huko angani mtu anaziangaliaje, baba?

Injinia: Kwa darubini. Siku isiyo na mawingu.

Mgeni hakucheka. Aliweka kikombe chini, akafungua begi, akafunga tena bila kutoa kitu. Shangazi alimwona. Shangazi huona kila kitu, hata unapoongeza sukari kwa siri.

Shangazi: Mwanangu, unamtafutia nini mtu huyu?

Mgeni: Simtafuti yeye, shangazi. Namtafuta mama yangu.

Shangazi akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

Mgeni: Alifariki sijatimiza mwaka. Sura yake siijui. Kwa mjomba nilikolelewa hapakuwa na picha hata moja. Mjomba anasema alikuja mji huu wakati wa ujenzi wa tangi, akawa anawapikia mafundi uji. Lakini kuna mama mmoja mzee aliyefanya naye kazi, kabla hajaaga dunia aliniambia, mama yako hakushika mwiko, alishika moto. Akaniambia mpiga picha alikuwepo, alipiga wote. Mimi nilishaanza kuchomelea kabla sijaambiwa hilo. Nataka kumwona tu. Nimepewa ruhusa ya siku moja kazini, basi langu linaondoka saa kumi na mbili jioni.

Wakili: Jina lake?

Mgeni: Hapa walimwita Cheche.

Sisi wengine jina hilo halikutuambia kitu, maana mafundi wa tangi walikaa kambini kwao, lakini Injinia kahawa ikampalia. Akakohoa mpaka nikampiga mgongo kwa kisigino cha kiatu nilichokishika. Alipopata sauti, macho yalikuwa mekundu na maneno yamebadilika.

Injinia: Binti, nenda nje ya nchi. Sikiliza ushauri wa mtu mzima. Hapa hakuna kitu. Nenda kwenye hizo nchi za baridi alizozisema Wakili.

Wakili: Kwani wewe hukusema angani?

Injinia: Nimeondoa shauri langu.

Nina miaka mingi na Injinia, na sijawahi kumwona akimwachia Wakili ushindi. Nilijua kuna jambo. Sikulijua ni jambo gani, nikarudi kwenye gundi yangu.

Saa saba redio ikarudia habari. Safari hii Shangazi alisimama na kijiko mkononi, akatangaza kwamba atakayefungua mdomo atanywa maji ya moto bila kahawa. Tukasikia vizuri. Mzee Nitarudi amekabidhi filamu za picha zake zote, maelfu na maelfu, kwa maktaba ya chuo kimoja kikuu cha mbali. Bado hazijapangwa. Anayetaka kuziona aandike barua aeleze sababu, ajibiwe baada ya miezi sita. Kisha likafuata tangazo la sabuni.

Mgeni: Miezi sita.

Wakili: Tutakuandikia barua mimi na wewe, sasa hivi. Nitaweka vifungu.

Mgeni: Asante, mzee wangu.

Alisema asante ile ya mtu anayeaga. Akanyoosha mkono achukue kiatu. Mimi nikasema gundi haijashika, na ilikuwa imeshashika. Ndipo tukaona Shangazi amefunika birika, amejifunga khanga kiunoni, anavuka barabara bila kuaga. Aliporudi alikuwa na kitu kimefungwa kwenye foronya. Akakifungua juu ya benchi.

Ilikuwa picha, nyeusi na nyeupe, kubwa kama sinia. Shangazi msichana, anapampu maji kisimani, miguu yote miwili imetoka ardhini kwa nguvu anayotumia, na nyuma yake foleni ya ndoo inapotelea kwenye kona.

Shangazi: Hii je? Si kazi yake?

Wakili: Hiyo ni picha yako, Shangazi.

Shangazi: Nakuuliza, kaipiga nani?

Mimi nikaigeuza picha. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa penseli: *Ndoo arobaini mbele yangu. Nikimaliza naenda kulala, mtu asiniite.* Na tarehe. Hayo ni maneno ya Shangazi mwenyewe. Nikakumbuka yote kwa mpigo. Nitarudi alikuwa akirudi na nakala kwa kila aliyekuwa pichani, mkiwa wawili nakala mbili, mkiwa kumi nakala kumi. Anakaa nanyi, anaitoa penseli, anauliza, hapa ulikuwa unafanya nini? Ulichosema ndicho anachoandika, halafu anakusomea. Ukisema futa, anafuta. Haondoki mpaka useme hapo sawa.

Mimi: Jamani. Sisi ni wajinga.

Wakili: Jisemee mwenyewe.

Mimi: Nasema sisi! Ya kwangu iko juu ya kabati, ya kwako iko ukutani nyuma ya cherehani, nimeiona mara mia. Tunatafuta kazi za Nitarudi benki na angani, na tumezilalia! Hizi tuliziita picha zetu, basi. Hakuna aliyezihesabu kuwa kazi yake.

Wakili alisimama akakaa, akasimama tena. Halafu, mtu mzima yule mwenye kitambi, akakimbia. Haki ya Mungu alikimbia, na utepe wa kupimia unapepea shingoni.

Nataka niseme jinsi mchana ule ulivyokuwa, lakini nakiri nilikuwa na furaha iliyonichanganya kichwa, sikumbuki kipi kilitangulia. Najua Wakili alirudi na picha yake na kamba ndefu. Najua Shangazi aligonga mlango kwa mlango akipaza sauti, toeni picha za Nitarudi, kuna mtoto wa watu anamtafuta mama yake. Kamba tuliifunga kwenye misumari ya ghala, vibanio vya nguo vikachangwa nyumba kumi. Picha zikaanza kuja. Nyingine zilikuwa kwenye fremu, nyingine zimetolewa chini ya godoro, moja ilikuwa imeziba tundu la dirisha na tukambembeleza mwenyewe kwa kipande cha mbao. Kinyozi alileta ya marehemu mama yake akipiga chapa kwenye kitambaa kiwandani. Wachimba mtaro wanane walikuwa kwenye picha moja, zikaja nakala tano, nyuma ya kila moja maneno tofauti. Mmoja alisema *Nachimba.* Mwingine alisema *Hawa wote wananiangalia mimi nikichimba.*

Ya kwangu niliileta mwisho mwisho. Nimekaa kwenye benchi hilihili, na baba amenishika kidole anielekeze sindano. Nyuma: *Baba ananigombeza.* Na chini yake, kwa penseli ileile: *Simgombezi. Namfundisha.* Mistari hii miwili sikuwa nimeisoma kwa miaka ishirini. Nikaibana kwenye kamba haraka, mtu asione uso wangu.

Hadi saa tisa ukuta wa ghala ulikuwa na picha sitini na mbili. Watu walijaa hadi barabarani. Na kila mwenye picha alisimama kando ya picha yake akieleza, bomba hili lilipita hapa, mashine ile ilikuwa inauma vidole, huyu ndiye aliyetufundisha. Wakili alijiteua kiongozi wa wageni.

Wakili: Tafadhali msiguse vielelezo! Upande huu ni kiwanda, upande ule ni mtaro. Maswali yaelekezwe kwangu.

Mtu: Hii imepigwa mwaka gani?

Wakili: Swali zuri. Muulize mwenyewe, huyo hapo.

Mgeni alipita picha moja moja, kwa kiatu kimoja na soksi moja, maana kiatu chake nilikuwa nimekisahau mkononi. Alisoma kila mgongo wa picha. Zilikuwepo tisa za ujenzi wa tangi. Wabeba zege walikuwepo, wapimaji na kamba zao walikuwepo, hata mpika uji alikuwepo, mwanamume mwenye masharubu. Wakili alipomwona huyo alishangilia peke yake kwamba mjomba ameshindwa kesi. Lakini Cheche hakuwepo. Mgeni akafika mwisho wa kamba, akasimama akitazama ukuta mtupu.

Shangazi akageuka taratibu.

Shangazi: Injinia. Yako iko wapi?

Injinia: Ipi?

Shangazi: Usinichezee. Ile ya sebuleni kwako, unayotuonyesha kila sikukuu. Umeshika ngazi, unaanza kupanda mnara.

Injinia: Ile imeliwa na mchwa.

Mimi: Juzi nilikuwa kwako, ilikuwa inang'aa.

Injinia: Mchwa wa jana.

Injinia alitazama chini, akachukua kofia yake, akaondoka. Wakili akasema ameingia mitini. Mimi pia nilidhani hivyo, na nilikasirika. Saa kumi ikagonga, saa kumi na nusu. Mgeni alivaa kiatu chake, akafunga kamba, akaniuliza kituo cha basi kiko upande gani.

Ndipo umati ukapasuka katikati. Injinia alikuwa anakuja, shati jeupe la pasi, fremu kubwa kaikumbatia kifuani. Akanipita mimi, akampita Wakili, akaiweka fremu benchini mbele ya mgeni.

Injinia: Fundi, nipe koleo.

Nikampa. Akang'oa misumari midogo minne ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, akaondoa kadibodi. Picha ilikuwa imekunjwa. Nusu yake ya juu ilikuwa imelala nyuma miaka yote hiyo, na sisi tulikuwa tumeona nusu ya chini tu, Injinia kijana ameshika ngazi, anaanza kupanda. Akaikunjua taratibu, akaisawazisha kwa kiganja.

Ngazi iliendelea kwenda juu. Juu kabisa, amekaza goti kwenye chuma cha mguu wa mnara, alikuwepo mwanamke. Kinyago cha kuchomelea kakipandisha kichwani, moto uko mkono wa kulia, na amegeuka kumtazama mpiga picha huku anacheka meno yote nje. Alikuwa na paji la uso la mgeni. Alikuwa na kidevu cha mgeni. Hatukuhitaji kuambiwa na mtu.

Mgeni alisogea karibu. Aliiweka mikono pande mbili za picha bila kuigusa.

Injinia: Sikuwahi kupanda. Naogopa kimo, hata juu ya meza sipandi. Kazi yangu ilikuwa kumshikia ngazi. Mwanzoni niliikunja kwa ajili yake, maana nyuma kuna neno lake ambalo msimamizi hakutakiwa kuliona. Kisha kazi ikaisha, akahama, na mimi nikaiacha imekunjwa kwa ajili yangu. Nimewadanganya. Wewe nimekudhulumu mchana kutwa, binti. Unisamehe.

Mgeni: Ulimshikia vizuri, baba?

Injinia: Hakuteleza hata mara moja.

Mgeni: Basi.

Akamshika mkono yule mzee, akauminya, na Injinia akalia mbele ya mtaa mzima bila kujificha. Watu wakaanza kupiga makofi, wengine wakimwonyesha mnara kwa vidole, wengine wakipaza jina, Cheche! Cheche! Jina hilo halikuwa limetamkwa mtaani kwa karibu miaka thelathini, na sasa lilikuwa vinywani mwa watu mia. Mimi nilipiga makofi na nyundo mkononi.

Wakili: Nyamazeni! Mgongo wa picha bado haujasomwa. Ushahidi usomwe wote.

Mgeni akaigeuza. Akasoma kwa sauti, na sauti yake ilikuwa imara.

"*Nashika ngazi. Naogopa kutazama juu.*"

Injinia: Hayo ni yangu.

"*Mimi Cheche. Miguu yote minne ya mnara huu nimeichomelea mimi. Msimwambie msimamizi: huku juu tuko wawili.*"

Wakili: Wawili? Wawili na nani? Injinia si yuko chini?

Tukaigeuza picha, tukahesabu, tukatafuta mkono, kivuli, kofia nyuma ya chuma. Injinia peke yake alikuwa anajua, akatazama pembeni, akaacha lipite. Mgeni alikuwa anasoma tarehe.

Mgeni: Mwezi wa kumi na moja, tarehe kumi na mbili.

Akaanza kuhesabu kwa vidole, Disemba, Januari, Februari, akafika Machi akasimama hapo. Shangazi alikuwa ameshafika kabla yake. Vigelegele alivyopiga viliwatoa watu madirishani hadi mtaa wa pili.

Wakili: Mbona sielewi? Nani huyo wa pili?

Mgeni alikuwa ameinua uso kuelekea kwenye mnara, machozi yanamtiririka, na anacheka meno yote nje.

Mgeni: Ni mimi, mzee wangu. Mimi nimezaliwa mwezi wa tatu uliofuata.